Bastola za makachero wa FBI: Kutoka rivolva hadi Glock

KWA zaidi ya nusu karne, silaha ya kiunoni ya kachero wa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, ilikuwa rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake, kwa kawaida sita, hukaa ndani ya silinda inayozunguka. Kilichoiondoa si uchakavu, bali mapambano ya dakika chache yaliyotokea Miami, jimboni Florida, asubuhi ya Aprili 11, 1986.

Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1908, lakini kwa miaka mingi makachero wake hawakuwa na ruhusa ya jumla ya kisheria kubeba silaha. Juni 17, 1933, maofisa waliokuwa wakimrejesha gerezani mfungwa Frank Nash walishambuliwa nje ya stesheni ya reli ya Kansas City. Watu watano waliuawa, akiwamo Nash mwenyewe na kachero mmoja wa shirika hilo. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowaruhusu kubeba silaha.

Rivolva za .38 za Colt, na baadaye za Smith & Wesson, ndizo zilizoenea. Smith & Wesson ilipotoa rivolva yenye nguvu zaidi ya .357 Magnum mwaka 1935, ya kwanza kabisa ilikabidhiwa kwa mkurugenzi wa FBI, J. Edgar Hoover, heshima ambayo, bila shaka, haikukosa faida ya kibiashara.

Huko Miami, makachero wanane waliwazingira majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Wengi wa makachero hao walikuwa na rivolva, wachache bastola za milimita 9. Platt alikuwa na bunduki. Mapema katika mapambano, risasi ya milimita 9 ilipenya mkono wake wa kulia, ikaingia kifuani na kukoma kiasi cha sentimita mbili na nusu kabla ya kuufikia moyo. Aliendelea kupiga. Makachero wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa, kabla ya mmoja wa majeruhi hao, Edmundo Mireles, kuwamaliza majambazi wote wawili kwa rivolva.

Lawama iliangukia risasi ile iliyokoma njiani. Ni hukumu ya upande mmoja, kwani bastola, hata iwe bora namna gani, haishindani kwa urahisi na bunduki.

Hata hivyo, uchunguzi uliofuata ulileta kipimo kipya: risasi sharti ipenye angalau inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, katika jelatini inayofananishwa na mwili wa binadamu. Mwaka 1990 ilianza kutolewa bastola ya Smith & Wesson ya milimita 10. Ilikuwa kubwa, nzito na yenye matatizo, wala haikudumu. Risasi fupi zaidi ya .40, iliyotokana na ile ya milimita 10, ndiyo iliyoshika nafasi, na mwaka 1997 FBI ikachagua Glock za Austria zinazoitumia.

Mwaka 2016 shirika lilisaini mkataba wa Glock za milimita 9, kipenyo kilekile kilicholaumiwa Miami. Sababu ni kwamba risasi za kisasa za kipenyo hicho zinafikia kipimo cha upenyaji, bastola haimrukii mpigaji mkononi kwa nguvu, na kasha lake hubeba risasi nyingi zaidi.