Kung'arisha maketi: kutoka ndege ya Hiroshima mpaka miji ya Kingelez

Kwa wote wanaopita Rond-Point Chukudu mjini Goma, sanamu ya mtu na chukudu chake si kitu kigeni. Inang'aa kwa rangi ya dhahabu, ingawa kila mtu anajua kwamba mwenye chukudu wa kweli hashindi na dhahabu. Anashinda na mavumbi ya lava, magunia ya viazi na jasho. Rangi ile haidanganyi mtu. Inatoa heshima kwa kazi tunayoiona kila siku bila kuitazama.

Leo, wasikilizaji wapenzi, na ninyi jamaa zetu muliohama makwenu, tuangalie historia ya rangi hizi za kung'aa na namna zilivyoingia katika maketi, yaani mifano midogo ya ndege, magari, nyumba na miji. Munaweza kusema ni habari ya michezo ya watoto. Lakini tukiifuata njia yake, inapita Katanga, inafika Hiroshima, kisha inarudi Kinshasa.

Tuanze na kopo lenyewe. Rangi tunayoiita ya fedha kwa kawaida haina fedha ndani. Ina unga wa alumini, uliopondwa mpaka ukawa magamba madogo sana, ukachanganywa na vanishi. Ile ya dhahabu mara nyingi ni unga wa shaba iliyochanganywa na zinki. Ukipaka vizuri, magamba yanalala bapa, moja juu ya lingine kama mabati ya paa, na mwanga unaruka juu yake. Mahali palipo na mikwaruzo au mavumbi, magamba yanalala ovyo, na kazi yako inafanana na majivu. Tena magamba ni mazito kuliko vanishi, hivyo yanazama chini ya kopo. Asiyekoroga anapaka maji matupu.

Zamani alumini ilikuwa ghali sana. Mwaka 1886 Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walipata njia ya kuitoa kwa nguvu za umeme. Bei ikaanguka. Madini yaliyokuwa ya wafalme yakawa sufuria, yakawa rangi, na baadaye yakawa ngozi ya ndege.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani kwanza walipaka ndege zao rangi ya kujificha. Kuanzia mwisho wa 1943 waliacha kufanya hivyo kwa ndege nyingi, kwa sababu rangi inaongeza uzito na inachelewesha kazi kiwandani. Ndege kubwa za B-29 ziliruka zikiwa na alumini tupu, zinameta kwa jua. Mojawapo ni Enola Gay, iliyoangusha bomu la atomiki juu ya mji wa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945.

Hapo ndipo Kongo inapoingia. Sehemu kubwa ya uraniamu ya Marekani katika mpango ule wa siri ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alikuwa amekwisha kupeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yale New York mwaka 1940. Watu wetu waliyachimba na kuyabeba bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Baada ya vita, viwanda vya Marekani na Uingereza vilianza kuuza ndege za plastiki za kuunganisha nyumbani, na B-29 ikawa miongoni mwake. Mafundi wa maketi walikuta kwamba hakuna rangi ngumu kuliko ile ya alumini tupu, kwa sababu inaonyesha kila kosa. Basi wanasugua plastiki kwa msasa laini, wanapaka kwanza rangi nyeusi inayong'aa, kisha wanapuliza ile ya fedha kwa tabaka nyembamba sana. Unga wake lazima uwe laini mno, maana chembe ambayo haionekani kwenye gari la kweli inaonekana kama jiwe juu ya ndege inayotosha kiganjani. Tena hawapaki sehemu zote sawa, kwa kuwa mabati ya ndege ya kweli hayang'ai kwa namna moja. Wengine wanaacha rangi kabisa na kubandika karatasi nyembamba ya alumini.

Ni kazi ya subira, na inastahili sifa. Hata hivyo tuseme ukweli: katika maketi za ndege ile unaweza kuhesabu misumari ya bawa. Mchimbaji wa Shinkolobwe humuoni popote.

Mkongomani mmoja alitumia mng'ao huo kwa njia nyingine. Bodys Isek Kingelez alizaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, upande wa Bandundu. Alifika Kinshasa mwaka 1970, akawa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alianza kujenga nyumba za karatasi kwa makasi, wembe na gundi. Alipopeleka kazi yake kwenye makumbusho ya taifa, hawakuamini kwamba ni yake. Ilimbidi atengeneze nyingine palepale. Wakamwajiri kutengeneza vitu vya kale vilivyoharibika.

Kingelez alijenga kwa makaratoni, karatasi za rangi, makopo ya soda, vifuniko vya chupa na karatasi za kumetameta. Mwaka 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris. Mwaka 1991 alijenga jumba akaliita Palais d'Hirochima. Mji ule ulioteketezwa, yeye aliupa jumba la fahari. Mwaka 1994 alijenga kijiji chake cha kuzaliwa kama mji mkubwa wenye maghorofa. Mwaka 1996 akajenga Ville Fantôme, mji aliosema hauhitaji polisi wala askari. Alifariki Kinshasa mwaka 2015, na mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake.

Jamaa zetu wa kambini, habari hii inawahusu. Watoto wenu wanatengeneza magari kwa waya na makopo matupu, na wengine wanajua kuchora nyumba waliyoiacha: mlango ulikuwa wapi, muti wa avoka ulisimama upande gani. Kingelez hakusubiri kununua vifaa vya ghali ili ajenge kijiji chake. Kartoni ya msaada, gundi na karatasi ya ndani ya pakiti ya biskuti vinatosha kuanza. Mukipata rangi ya fedha, pakeni nje kwenye hewa, mbali na mbabula, kwa maana mvuke wake unashika moto upesi na unaumiza kifua. Mwacheni mutoto aweke paa linalong'aa, na mzee wa familia amsahihishe vipimo. Nyumba iliyochomwa haina picha kila mara, na wanaokumbuka vyumba vyake wanazeeka.