Divai ya Povu ya Trento

Jina la mji wa Trento si geni kwetu. Kila aliyekaa mbele ya katekista au aliyepita seminarini amelisikia, kwa sababu ya Mtaguso Mkuu uliofunguliwa huko tarehe 13 Desemba 1545 na kufungwa tarehe 4 Desemba 1563. Mtaguso huo ndio ulioagiza majimbo yawe na seminari za kulea mapadre. Ndio pia uliokumbusha kwamba padri achanganye maji kidogo na divai katika kalisi. Lakini hapa kwetu Mususa ni wachache wanaojua kwamba mji huo huo leo unasifiwa kwa divai yake, tena divai ya namna ya pekee: ile inayotoa povu na kurusha kizibo siku ya arusi. Tunataka kuisimulia habari yake, maana si habari ya walevi wala ya matajiri tu. Ndani yake mna njaa, mna padri wa kijijini, mna shule, na mna wakulima wenye vishamba vidogo kama vyetu.

Trento uko kaskazini ya Italia, katika bonde la mto Adige, katikati ya milima ya Alpi. Mizabibu imepandwa kuanzia bondeni, meta 200 hivi juu ya bahari, hata kwenye miteremko ya meta 800, juu ya matuta yaliyozuiliwa kwa kuta za mawe. Mtu wa Lubero akiiona miteremko ile atadhani yuko nyumbani, mpaka theluji ianguke. Mchana jua ni kali. Usiku baridi hushuka kutoka milimani, na baridi hiyo huilinda zabibu isipoteze ule ukali wake kama wa ndimu. Maaskofu wa Trento walitawala nchi hiyo kwa karne nyingi, hata mwaka 1803. Baadaye ikawa ya Kaizari wa Austria, na baada ya Vita Kuu ya kwanza ikawa ya Italia.

Sasa, povu linatoka wapi? Wanaotengeneza kasiksi wanajua nusu ya jibu. Maji ya ndizi yakianza kuchachuka huchemka bila moto, na mtu akiyatia chupani na kuziba kwa nguvu kabla hayajatulia, chupa itapasuka. Chachu inakula sukari, inatoa kileo na hewa. Hewa ikipata njia hutoka. Ikifungiwa hukaa ndani ya kinywaji.

Basi watu wa Trento wanafanya kwa makusudi lile jambo ambalo mwenye kasiksi analiogopa. Kwanza wanatengeneza divai ya kawaida, isiyo na povu, hasa kwa zabibu ziitwazo Chardonnay, zilizochumwa kwa mkono. Wanaitia chupani pamoja na sukari kidogo na chachu mpya, wanaziba, na kuzilaza chupa katika ghala la baridi chini ya ardhi. Hewa inayofungwa humo ina nguvu kupita mara mbili ya upepo ulio katika gurudumu la motokaa. Ndiyo maana chupa zake ni nene na nzito. Chachu ikiisha kufa hubaki chini kama mashapo, na divai inayokaa juu ya mashapo hayo hupata polepole harufu ya mkate. Sheria inataka ikae miezi 15 kwa uchache. Ikiandikwa mwaka wa mavuno juu ya chupa, miezi 24. Na ile ya akiba, miezi 36. Kisha chupa huinamishwa kichwa chini na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yashuke shingoni. Shingo hugandishwa, chupa hufunguliwa, na lile donge la barafu huruka nje pamoja na uchafu wote. Chupa hujazwa tena, hutiwa kizibo kikubwa, hufungwa kwa waya.

Njia hii haikuzaliwa Trento. Ilitoka Ufaransa, katika nchi ya Champagne. Wengi husema aliyeivumbua ni mmonaki Mbenediktini, Dom Pierre Pérignon, mtunza ghala wa abasia ya Hautvillers tangu 1668 hata alipokufa mwaka 1715. Hadithi ni nzuri, lakini si kweli. Pérignon alikuwa hodari wa kuchagua na kuchanganya zabibu. Povu yeye alilihesabu kuwa kasoro, akajitahidi kulizuia. Tena mwaka 1662 daktari mmoja Mwingereza, Christopher Merret, alikuwa amekwisha andika jinsi wauza divai wa kwao walivyotia sukari ili divai ichangamke. Utaratibu wenyewe ulikamilika karne ya 19, na mjane mmoja, Bibi Clicquot, alikuwa na sehemu kubwa katika kazi ile ya kushusha mashapo. Heshima ya wamonaki haipungui kwa kusema ukweli.

Turudi milimani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 nchi ya Trento ilikuwa maskini sana. Viwavi wa hariri walikuwa wameugua, mizabibu ilishambuliwa na magonjwa yaliyotoka Amerika, na mwaka 1882 mafuriko yaliharibu mashamba ya bondeni. Chakula cha maskini kilikuwa ugali wa mahindi asubuhi na jioni, na kwa kula mahindi peke yake wengi walipata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi na mwisho kuvuruga akili. Sisi tunaokula bugali tunajua kwa nini mama huweka maharagwe na sombe kando yake. Watu kwa maelfu waliuza walichokuwa nacho, wakapanda meli kwenda Brazili na kwingineko. Waliobaki walikuwa mikononi mwa wakopeshaji wa riba.

Hapo ndipo alipoinuka Padri Lorenzo Guetti, mzaliwa wa milima ile ile, aliyezaliwa mwaka 1847. Alihesabu waliohama, akaandika habari zao, lakini hakuishia katika kuandika. Mwaka 1890, huko Bleggio, alianzisha pamoja na wakulima duka la ushirika. Mwaka 1892 ikafuata benki ndogo ya kijiji kwa mfano wa Mjerumani Raiffeisen: wakulima waliweka dhamana pamoja, hata maskini akaweza kukopa bila kunyonywa. Mwaka 1895 vyama viliungana, naye akawa rais wao wa kwanza. Kulikuwa na wengine, mapadre pia, waliotaka vyama hivyo viwe vya Wakatoliki kwa jina na kwa kanuni. Guetti alishikilia kwamba mlango uwe wazi kwa kila mkulima. Alifariki mwaka 1898, ana umri wa miaka 51 tu.

Pamoja na ushirika ilikuwako shule. Mwaka 1874 Bunge la Tirol liliamua kufungua shule ya kilimo huko San Michele all'Adige, katika nyumba iliyokuwa zamani ya watawa Waagostino. Humo alisoma kijana Giulio Ferrari, aliyezaliwa mwaka 1879. (Hana undugu na motokaa za jina hilo.) Akaendelea Montpellier katika Ufaransa, akaenda Geisenheim katika Ujerumani, tena akafanya kazi Épernay, ndani ya Champagne kwenyewe. Angeweza kubaki huko na kula mshahara mzuri. Alirudi kwao na miche ya Chardonnay, na mwaka 1902 akaanza kutengeneza divai ya povu mjini Trento, chupa chache tu. Miaka 50 ilipita, na vita viwili, naye hakutaka kuharakisha hata chupa moja. Mwaka 1952, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumrithi, aliiuza kazi yake kwa Bruno Lunelli, mwenye duka la divai mjini. Wakati ule zilikuwa zikitoka chupa zisizofika 10,000 kwa mwaka. Mzee aliendelea kufanya kazi ghalani mpaka kifo chake, mwaka 1965.

Magazeti ya divai humsifu Ferrari, na anastahili. Sisi lakini tunamweka Guetti karibu naye. Bila vyama vya ushirika, ujuzi wa Ferrari ungetajirisha nyumba moja, na majirani wangebaki vibarua. Mwaka 1904 wakulima wa Mezzocorona walianzisha ghala lao la ushirika, na mwaka 1950 kikaundwa Cavit, muungano wa maghala ya namna hiyo. Leo vyama hivyo hupokea sehemu kubwa ya zabibu za nchi ile, na vyenyewe hutengeneza divai ya povu. Mwaka 1993 sheria ya Italia ililinda jina la Trento, asilitumie mtu mwingine kwa divai isiyotoka huko.

Jambo lenyewe ni hili: mwenye zabibu ana siku chache kabla hazijaoza, lakini mwenye ghala ana miaka. Anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei.

Ndugu zetu wa Dodoma, katikati ya Tanzania, wanalijua vema. Mzabibu hupenda kulala. Ulaya hulala wakati wa baridi, lakini kwetu karibu na ikweta, penye mvua karibu kila mwezi, haupati usingizi na ukungu huuharibu. Kwa hiyo tangu mapadre wa Shirika la Assomption walipofika pande za Beni na Lubero mwaka 1929, divai ya Misa ilikuwa mzigo wa kuletwa kutoka mbali, maana sheria ya Kanisa inadai divai halisi ya tunda la mzabibu. Dodoma, nchi kavu ya Wagogo, ukame hufanya kazi ya baridi. Mkulima hupogoa, mzabibu huanza upya, hata huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nchi hiyo ilikabidhiwa mapadre Wapasionisti kutoka Italia mwaka 1935, na katika misheni ya Bihawana mizabibu ilipandwa mwaka 1957. Kutoka bustani ya misheni ilienea katika mashamba ya watu, na leo jina la Dodoma limeandikwa juu ya chupa. Hata hivyo imetokea zaidi ya mara moja kwamba zabibu ziliiva, wenye viwanda wakanunua kiasi walichotaka, na zilizobaki zikaoza mikononi mwa mkulima.

Sisi hatuna zabibu, tuna kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya Lubero na Beni imevuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda ndani ya magunia yasiyo na jina, ikauzwa ng'ambo kama kahawa ya huko. Katika miaka ya 2010 wakulima wa miguu ya Ruwenzori walijiunga katika chama kiitwacho Kawa Kanzururu. Walianza kuosha na kukausha kahawa yao kwa pamoja, na kuisafirisha kwa jina lao wenyewe.