MGB: Gari la Spoti Lililopandishwa na Sheria, Wenyewe Wakalishusha

Weka pamoja picha mbili za MGB, moja ya mwaka 1970 na nyingine ya 1976. Utadhani ni ndugu wawili, ila mmoja kaazima viatu. La kwanza limelala chini, bampa za kromu zinang'aa, tairi limejaa vizuri kwenye madigadi. La pili lina bampa nyeusi nene kama midomo iliyovimba, na nyuma limenyanyuka kama mtu aliyekunja suruali avuke dimbwi. Bodi ni ile ile. Kilichowatenganisha zaidi ni inchi moja na nusu tu, kama sentimita 4. Na mtu wangu, hizo sentimita 4 zimewalaza watu chini ya magari yao, spana mkononi, kwa karibu miaka 50 sasa.

Turudi nyuma kidogo. MGB ilitoka 1962 kwenye kiwanda cha Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford, Uingereza. Halikuwa gari la tajiri. Lilikuwa la kijana mwenye mshahara wa kawaida anayetaka upepo usoni wikiendi: injini ya lita 1.8, nguvu za farasi 95, siti mbili, turubai juu. Nyuma kulikuwa na ekseli moja nzima, imefungwa kwenye springi za mabamba, yale mabamba ya chuma yaliyolazwa moja juu ya jingine kama unayoyaona chini ya pikapu. Ukweli usemwe, hiyo ni teknolojia ya mkokoteni. Lakini kwa kuwa gari lilikaa chini, kona lilizikata kwa raha, na Wamarekani wakalipenda kuliko Waingereza wenyewe. Sehemu kubwa ya MGB ilikuwa inapanda meli kwenda Marekani.

Na mteja wako mkubwa akibadili masharti, huna ubavu wa kumbishia.

Kuanzia Septemba 1972, Marekani ilitaka kila gari jipya liweze kugonga kitu mbele kwa mwendo wa maili 5 kwa saa, yaani kilomita 8, bila taa wala vifaa vya usalama kuharibika. Kwa magari ya 1974 ikaongezwa nyingine: bampa lipimwe likiwa kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini, ili magari yanapogongana bampa likutane na bampa. Sheria yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Tatizo ni kwamba ilimkuta mtu aliyeumbwa mfupi.

Jibu la kwanza la kiwanda lilikuwa kichekesho. Walichukua zile pembe ndogo za kwenye bampa za kromu, wakaweka matonge mawili makubwa ya mpira mweusi. Waingereza hawakukawia: wakayabatiza jina la mwigizaji mmoja wa kike aliyetamba miaka ya 1950, ambaye kifua chake ndicho kilichokuwa gumzo kuliko uigizaji wake. Jina hilo la utani limeganda mpaka leo. Matonge yenyewe hayakumaliza mwaka.

Baadaye mwaka huo huo wa 1974 likaja jibu la kudumu. Bampa za chuma zikavishwa ngozi nyeusi ya plastiki, zikakaa mbele na nyuma. Ila urefu bado haukutosha. Hapo wahandisi walikuwa na njia mbili: kuchora upya pua na mkia wa gari, au kulinyanyua gari zima. Kuchora upya kunakula hela, na hela haikuwepo. British Leyland, kampuni mama, ilikuwa hoi kiasi kwamba 1975 serikali ya Uingereza iliingia kuiokoa na kuichukua. Basi wakanyanyua. Mbele wakabadilisha ule mhimili wa chuma unaobeba mfumo wa tairi, nyuma wakaweka springi zilizopinda zaidi. Kazi imekwisha. Hata magari ya kuuzwa Uingereza kwenyewe, ambako sheria hiyo haikuwepo, yakatoka yamenyanyuka vile vile.

Lakini uzito ukipanda juu, gari linalala kwenye kona. Na kama vile hiyo haitoshi, kwenye yale ya turubai waliiondoa stebilaiza ya mbele, ile fimbo ya chuma inayounganisha tairi la kulia na la kushoto ili gari lisiyumbe. Sababu? Kubana matumizi. Yaani umempandisha mtu kwenye stuli halafu ukamnyang'anya fimbo yake. Madereva wakalalamika, na wana haki. Ilibidi kusubiri magari ya 1977 ndipo ikarudishwa stebilaiza nene zaidi mbele, na nyingine ikafungwa nyuma. Gari likatulia. Urefu haukuguswa.

Hapo ndipo wenye magari walipoingia kazini wenyewe.

Wengi huanza na nyuma, kwa sababu mbili. Kwanza, mkia ulionyanyuka ndio unaokera macho zaidi. Pili, nyuma ni rahisi: mtu mwenye jeki, stendi imara na Jumamosi moja anaweza kuimaliza. Njia ya mkato ni kipande cha chuma au alumini. Kwenye MGB ekseli inakaa juu ya springi, kwa hiyo ukiweka kipande cha inchi moja au zaidi katikati yao, ekseli inapanda na bodi inashuka. Unatafuta bolti ndefu zaidi za umbo la U, unakaza, unashusha jeki, unapiga picha. Gari limependeza. Bei chee.

Sasa sikiliza bili yake. Springi bado ni ile ile iliyopinda, umeisogeza tu mbali na ekseli. Ukikanyaga mafuta, ekseli inataka kujizungusha, na kile kipande kinaipa nguvu zaidi ya kuzipinda springi. Juu yake, nafasi kati ya ekseli na mpira wa kuzuia kugonga bodi imepungua, kwa hiyo shimo ambalo zamani lilikuwa kero, sasa ni kishindo cha chuma mgongoni. Tairi likiwa pana kidogo linaanza kulamba madigadi. Kwa maneno mengine, jamaa amefanya kile kile walichofanya mabosi mwaka 1974: amebadilisha urefu kwa kipande cha bei rahisi na mengine kuyaacha yajipange yenyewe.

Njia ya maana ni kung'oa springi zenyewe na kufunga za umbo la yale magari ya kromu, zilizonyooka zaidi. Ni ghali, na bolti zilizoshika kutu miaka 40 hazina huruma. Halafu springi mpya mara nyingi zinakaa juu siku ya kwanza, mtu anakata tamaa kabla hata hajaendesha. Wazoefu wanamwambia aendeshe kwanza zizoee uzito, ndipo apime. Na kipimo hakitoki ardhini, maana upepo wa tairi na sakafu ya gereji vinadanganya. Kinatoka katikati ya gurudumu kwenda juu kwenye ule mstari wa kromu wa ubavuni. Kulia na kushoto, na namba ziandikwe.

Mbele ni shughuli nyingine kabisa. Ule mhimili uliobadilishwa umebeba pia usukani, kwa hiyo wapo wanaofunga springi fupi, na wapo wanaosaka mhimili wa gari la zamani na kuhangaika kulinganisha usukani upya. Anayeshusha nyuma peke yake na kuishia hapo anapata gari lenye pua juu kama boti, na taa za usiku zinazowachoma wenzake macho.

Abingdon haikuwahi kupata nafasi ya kulishusha yenyewe. Septemba 1979 mji ulisherehekea miaka 50 ya MG pale, na mara tu baada ya sherehe wafanyakazi wakatangaziwa mpango wa kufunga kiwanda. MGB la mwisho lilitoka mlangoni Oktoba 1980, bampa nyeusi mbele na nyuma, bado limesimama kwenye urefu wa 1974.