Mgombea Asiyeshinda na Swali la Vita vya Wengine

 

Usiku mmoja baada ya tarawehe tulikuwa tumekaa barazani Kibokoni, kahawa inazunguka na mazungumzo yanazunguka nayo. Kijana mmoja aliyepata kitambulisho karibuni akatuuliza: "Sasa mimi nikimpa kura mtu ambaye najua hatashinda, si nimeitupa baharini?" Wakubwa wengi wakamjibu ndiyo, umeitupa. Mzee mmoja akanyamaza. Alipobanwa akasema, "Muulizeni kwanza huyo mgombea alikuja kuuliza nini."

Jibu hilo halikunitoka. Hebu basi tufuatane kidogo katika historia, ya Marekani na ya hapa kwetu, tuwatazame wagombea waliokuja kutoka nje ya mlango, bila ya chama kikubwa wala pesa nyingi, na tutazame khaswa swali moja ambalo wakubwa hawapendi kuulizwa: kwa nini watoto wetu waende kupigana vita vya wengine?

SANAMU YA ASKARI

Ukipita Barabara ya Jomo Kenyatta hapa Mombasa utaiona sanamu ya askari wa Kiafrika. Wengi wetu tunaipita kila siku tukikimbilia matatu wala hatuitupii jicho. Sanamu ile ni ya kuwakumbuka waliokwenda katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Muingereza dhidi ya Mjarumani kule Tanganyika. Wapagazi walikufa kwa maelfu, na walioondoka kwa maradhi na njaa ni wengi kuliko walioondoka kwa risasi. Jina la Kariakoo limetokana na wao, kwa vile wazungu wakiwaita "Carrier Corps."

Je, kuna aliyewauliza babu zetu kama wanaitaka vita ile? Hapana. Hakukuwa na kura wala mgombea. Amri ilitoka London, mtu akachukuliwa.

Sasa tizama Marekani wakati ule ule. Wao walikuwa na kura. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson aligombea tena, na wapiga debe wake wakamsifu kwamba ameiweka nchi nje ya vita. Akashinda. Aprili 1917, mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa kwa kipindi cha pili, Marekani ikaingia vitani. Shika hapo, msomaji, maana jambo hili litajirudia: maneno ya mgombea ni kitu kimoja, na vitendo vya rais ni kitu chengine.

Alikuwepo mtu mmoja aliyekataa kunyamaza, Eugene Debs, kiongozi wa wafanyikazi wa reli na wa Chama cha Kisoshalisti. Juni 1918 alisimama mjini Canton, Ohio, akaisema vita ile mbele ya watu. Akashtakiwa, akahukumiwa miaka 10 jela. Mwaka 1920 akagombea urais akiwa ndani ya jela ya Atlanta! Hakuweza kufanya mkutano hata mmoja. Pamoja na hayo alipata kura zaidi ya 900,000. Hakushinda na hakuna aliyetarajia ashinde. Lakini watu laki tisa walipata pahala pa kuandika kwamba hawakuridhika. Desemba 1921 Rais Harding akamtoa.

MIAKA ISIYOKUWA NA WA KUULIZA

Turudi nyumbani. Kenya ilipopata uhuru ilijitangaza kuwa haifungamani na upande wowote kati ya Marekani na Urusi. Kwa maneno hayo ilitaraji kuwa rafiki wa wote. Lakini mwaka 1980 serikali yetu ilitia saini mkataba na Marekani wa kuliruhusu jeshi lake kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege vya nchi hii. Wazee wetu wanazikumbuka manowari zikitia nanga Kilindini na mabaharia wakijaa mjini.

Mimi sisemi mkataba ule ulikuwa mzuri au mbaya. Nasema tu kwamba hakuna mgombea wa urais aliyeweza kuupinga mbele ya wananchi, kwa sababu uchaguzi wa urais wenye wapinzani haukuwepo. Tangu uhuru hadi 1992 Wakenya hawakuwahi hata mara moja kuchagua kati ya majina mawili ya urais. Kwa hivyo jambo kubwa kama lile, la kuifungua bandari yetu kwa jeshi la kigeni, lilipita juu ya vichwa vyetu mfano wa wingu.

MWAKA WA 1992

Kisha ukaja 1992, mwaka ambao mambo mengi yalikutana.

Marekani alijitokeza tajiri wa Texas, Ross Perot, asiye na chama. Mwaka uliotangulia alikuwa ameipinga vita ya Ghuba dhidi ya Iraq. Akapata kura zaidi ya milioni 19, karibu asilimia 19 ya kura zote. Lakini kwa mpango wa uchaguzi wao wa majimbo, hakupata hata mjumbe mmoja. Umeona mlango ulivyo mwembamba?

Hapa Mombasa mwaka huo huo vijana walijaa Mwembe Tayari kumsikiliza Sheikh Khalid Balala, na kikaundwa Islamic Party of Kenya, IPK. Serikali ikakataa kukisajili, kwa hoja kwamba ni chama cha dini. Mwezi wa Mei mji ukawaka, mabomu ya machozi yakaingia mpaka mitaa ya Mji wa Kale. Waliofungiwa mlango wakapitia mlango wa jirani, wakashirikiana na FORD-Kenya. Siku ya uchaguzi, Desemba 29, karatasi ya urais ilikuwa na majina manane, na miongoni mwao mtu wa Pwani, Chibule wa Tsuma. Kura zake zilikuwa chache mno. Moi akarudi kwa asilimia 36 tu, kwani waliobaki waligawana.

Na mwaka huo huo, Agosti, ndege za jeshi la Marekani zilianza kurukia uwanja wa ndege wa Mombasa kupeleka chakula Somalia, kulikokuwa na njaa kali. Lilianza kama jambo la rehema, na ndivyo lilivyokuwa, maana watu walikuwa wakifa. Lakini Disemba wakaingia askari kwa maelfu, na Oktoba 1993 ikawa ni vita katika mitaa ya Mogadishu. Kwenda kusaidia na kwenda kupigana ni mlango na dirisha vya nyumba moja.

DAKTARI WA TEXAS NA KIJANA WA MOMBASA

Mei 2007, katika mjadala wa wagombea wa chama cha Republican huko South Carolina, mbunge mmoja mzee, daktari wa uzazi kutoka Texas kwa jina Ron Paul, alisema jambo lililowatia watu baridi. Alisema kwamba Marekani inachukiwa kwa sababu imeingia katika nchi za watu, na akataja miaka ya kuipiga Iraq kwa mabomu. Meya wa zamani wa New York, Rudy Giuliani, akamtaka ayafute maneno yake. Hakuyafuta. Oktoba 2002 yeye alikuwa miongoni mwa wabunge wachache wa chama chake waliopiga kura ya kukataa vita vya Iraq. Alikuwa amegombea urais 1988 kwa chama kidogo, akagombea tena 2008 na 2012, asishinde hata mara moja.

Pengine utaniuliza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mwaka ule ule wa 2007, mwezi wa Februari, mtu mmoja alikamatwa hapa Mombasa, na mwezi wa Machi akafikishwa Guantanamo, kule Cuba. Hakushtakiwa mbele ya mahakama yoyote. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni Ramadhan ngapi hizo? Mtoto aliyezaliwa mwaka aliochukuliwa, alipokuwa akirudi alikuwa amekaribia kuchukua kitambulisho.

Na Barack Obama, ambaye baba yake ni mtu wa huku, alijijengea jina kwa kuipinga vita ya Iraq tangu 2002. Kenya nzima ilisherehekea aliposhinda 2008. Lakini 2011 akaingia Libya, na ndege zisizo na rubani ziliendelea kuruka Somalia. Lile la Wilson limerudi.

VITA VYETU WENYEWE

Oktoba 2011 zamu ikawa yetu. Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka na kuingia Somalia kumfuata al-Shabaab, baada ya wageni kutekwa Lamu na wafanyikazi wa misaada kutekwa Dadaab. Yalivuka kwanza, na Desemba ndipo Bunge likapitisha yajiunge na jeshi la Umoja wa Afrika. Yaliyofuata tunayajua kwa uchungu: Westgate 2013, watu 67; Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148; kambi ya El Adde Januari 2016, ambako askari wetu wengi hawakurudi. Na hapa mjini, misikiti kuvamiwa, vijana kupotea, na mama kukaa mlangoni akingoja.

Uchaguzi wa Machi 2013 ulifanyika vita hivyo vikiendelea. Wakubwa watatu waliopata kura nyingi, Uhuru Kenyatta, Raila Odinga na Musalia Mudavadi, wote walikuwa ndani ya serikali iliyopeleka jeshi. Ni nani basi wa kuuliza? Raila alikuja kutaka majeshi yarudi mwaka 2014, alipokuwa nje. Alipokuwa Waziri Mkuu hakulisema hilo.

Katika uchaguzi huo alijitokeza mwalimu wa zamani wa sekondari, Mohammed Abduba Dida. Yeye na Paul Muite mwanzo hawakualikwa katika mjadala wa runinga; ni baada ya Muite kwenda mahakamani ndipo nao wakaingizwa. Nchi nzima ikamjua usiku mmoja. Alipata kura 52,848, wa tano kati ya wanane, mbele hata ya mtu aliyewahi kuwa waziri. Simtaji kwa kuwa ndiye aliyebeba bendera ya kupinga vita. Mkazo wake ulikuwa ni uadilifu wa kiongozi. Namtaja kwa ajili ya ule mlango. Mwalimu asiye na kitu alisimama jukwaa moja na wakubwa na wakalazimika kumsikiliza.

TUSIJIDANGANYE

Haki ni kusema pande zote. Kutoingilia nako kuna gharama. Mwaka 1994 dunia haikuingia Rwanda, na watu laki nane au zaidi wakauawa kwa siku mia. Mwaka 1979 Mwalimu Nyerere aliingia Uganda baada ya Idi Amin kuivamia Kagera, akamng'oa. Baadhi ya viongozi wa Afrika wakamlaumu kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia nchi jirani, lakini Waganda wengi walishangilia barabarani. Na Somalia nako wapo waliopumua al-Shabaab walipotolewa Kismayu 2012. Kwa hivyo anayekwambia "tusiende kamwe" naye muulize maswali, sawasawa na anayekwambia "twende."

Khatari ni kwenda bila ya mtu kuuliza. Tunakwenda kwa nini? Tutarudi lini? Nani atalipa, na ni mtoto wa nani atakayekufa?

MLANGO UKO WAPI?

Ndugu yangu, katiba ya 2010 imeuacha mlango wazi kidogo. Mtu anaweza kugombea urais bila ya chama, jambo ambalo zamani halikuwezekana. Ila anahitaji wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Yaani kaunti 24, saini 48,000. Si kazi nyepesi kwa mwalimu. Na katiba hiyo hiyo inasema Bunge ndilo linaloidhinisha kutangaza vita. Maana yake ni kwamba hata mbunge wako wa Mvita, Nyali au Likoni ana sauti katika jambo hili. Umewahi kumuuliza?

Sasa narudi kwa yule kijana wa barazani. Kura ya asiyeshinda haikutupwa ikiwa imebeba swali. Kura za Debs hazikuizuia vita, lakini zilihesabiwa, nasi tunazisoma zaidi ya miaka mia baadaye. Iliyotupwa ni ile iliyopigwa kwa kofia, fulana na noti ya mia mbili, au ile ambayo mwenyewe alibaki amelala. Na ukimpa yule mwenye nguvu, hilo pia ni haki yako. Lakini mbebeshe swali hilo hilo kabla hajaapa, kwa sababu akishaapa atakuwa Wilson.

Uchaguzi mwengine umepangwa Agosti 2027. Jiandikishe. Na siku ukipita Barabara ya Jomo Kenyatta, simama kidogo mbele ya ile sanamu. Yule hakuulizwa. Wewe unaulizwa.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu, awarudishe salama walio mbali na makwao, na atujaalie viongozi wenye huruma na damu za watu. Amin.