Zamani Ng'ambo Ilikuwa Iringa

Aliyelijenga boma la Iringa hakuzeekea Iringa. Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Wajerumani aliyezaliwa Mauritius kwa baba Mwingereza na mama Mjerumani, aliweka kituo juu ya kilima kile mwaka 1896, vita na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, vikiwa bado vinaendelea. Mkwawa alijiua Julai 1898. Haukupita muda Prince akaacha jeshi, akajichukulia shamba Usambara na kujenga makazi mahali panapoitwa Sakharani mpaka leo, kwa lile jina lake la utani, Bwana Sakarani. Aliuawa katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Vita vilipokwisha Wajerumani walifukuzwa nchini na mali zao zikashikwa. Siku hizi Sakharani ni ya watawa wa Kibenediktini.

Habari hiyo ilinijia nikitazama matangazo yanayozunguka kwenye simu za watu. Abiria anayesubiri basi la Mbeya pale Ipogolo, chini ya kilima kilekile cha Prince, anaoneshwa villa ya Dubai yenye bwawa la kuogelea. Bei imeandikwa kwa dirham, malipo ni ya awamu, na anaahidiwa kwamba siku asizokuwepo wapangaji wataingia na pango litailipia nyumba yenyewe. Ipogolo si mahali pa kudharau matangazo hayo. Wapo pale watu wenye malori yanayokwenda Zambia na Kongo, wenye nyumba za kulala wageni, wenye mbao za Mufindi. Hela ipo. Kisichotajwa kwenye tangazo ni kwamba biashara hiyo ya nyumba za mbali, ya kupumzikia na ya kuingiza pango, imeshapita hapahapa, tena zaidi ya mara moja. Tofauti ni kwamba wakati ule sisi ndio tuliokuwa ng'ambo.

Wajerumani waliiweka misingi mapema. Kwa amri ya Novemba 1895, ardhi yote ya koloni iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe ikawa ya mfalme wa Ujerumani, na kutoka kwake mlowezi aliweza kununua na kumiliki moja kwa moja, bila ukomo wa miaka. Nani aliamua kwamba malisho ya Wahehe hayana mwenyewe? Jibu linajulikana. Waingereza walipokuja kutawala kwa dhamana ya Shirika la Mataifa walitunga Sheria ya Ardhi ya 1923, iliyoiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana. Mgeni hakuuziwa tena ardhi. Alipewa haki ya kuikalia, miaka 99 ikiwa ndio upeo wake. Namba hiyo ishike, maana itarudi.

Mwaka 1925 ndipo Nyanda za Juu Kusini zilipoanza kunadiwa kama nchi ya Mzungu kujijengea maisha. Oktoba mwaka huo Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano Tukuyu. Wakahudhuria walowezi wa Kenya, wa Nyasaland na wa Rhodesia Kaskazini, wakaota ukanda mmoja wa makazi ya Kizungu kutoka Nairobi hadi kusini. Hoja yao ilikuwa ya hali ya hewa: mwinuko mkubwa, baridi ya Juni na Julai, mvua ya kutosha, mbu wachache. Msomaji akilinganisha na vijitabu vya madalali wa leo ataona kwamba wanaouza jua na waliouza baridi wametumia maneno yaleyale.

Mwaka huohuo marufuku dhidi ya Wajerumani iliondolewa, nao wakarudi. Kuna waliokuja Iringa, wakashika mashamba Sao Hill, Dabaga na Mufindi, wakajaribu kahawa, kisha chai. Kampuni ya Usagara, iliyopata fedha zake Ujerumani, iliwakopesha na kuwauzia mazao. Walijenga nyumba za mawe na matofali zenye dohani, kwa kuwa huku moto ndani ya nyumba si anasa. Kilichokuwa hatarini ni siasa ya mbali. Miaka ya 1930 Ujerumani ilianza kuyadai makoloni yake, na serikali ya Uingereza ikapata wasiwasi na walowezi hao wengi walioshika barabara kuu ya kusini.

Sehemu ya jibu lake ilikuwa Lord Chesham. Bwana huyu Mwingereza alikuja Nyanda za Juu miaka hiyo ya 1930 na mpango wa kuleta familia za Kiingereza zinunue viwanja na kujenga. Hapa ndipo ninapoona sura ya kwanza kabisa ya villa ya ng'ambo katika mkoa wetu. Watu aliowalenga hawakuwa wakulima wa kufa na kupona. Walikuwa watu wa pensheni na wa urithi, waliotaka bustani ya waridi, farasi, mpishi na hewa safi kwa gharama ambayo Uingereza isingewapa. Shamba lingekuwepo, ndiyo, lakini nyumba ndiyo iliyouzwa.

Septemba 1939 vita vikatangazwa. Wanaume wa Kijerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mashamba yakaingia mikononi mwa Mtunza Mali za Adui. Chai ya Mufindi waliyokuwa wameipanda ikaishia chini ya kampuni ya Brooke Bond. Mtu aliyefika 1926 na akiba ya maisha yake alikuwa amekaa miaka 13. Hati yake haikuwa na kasoro yoyote. Iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikatunzwa ofisini, na siku moja ikawa karatasi ya adui. Miaka michache baadaye Wapolandi waliokimbia vita waliletwa Ifunda, kusini mwa Ipogolo kwa barabara hiyohiyo, wakakaa katika nyumba ambazo hawakununua wala kuchagua. Kati ya wageni wote wa zama hizo nadhani hao ndio pekee ambao hakuna aliyewaahidi chochote.

Lord Chesham alifariki 1952. Mjane wake, Lady Marion Chesham, Mmarekani wa Philadelphia, hakuondoka. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959, ule wa kura tatu ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, aliungwa mkono na chama cha TANU akaingia Baraza la Kutunga Sheria. Uhuru ulipofika akachukua uraia wa Tanganyika, akawa mbunge, na akafanya kazi kubwa katika kuanzisha mfuko wa maendeleo ya jamii mwaka 1962. Alifariki 1973. Katika orodha yote ya waliokuja kununua mandhari ya Nyanda za Juu, yeye ndiye ninayemwona aliyeelewa bei halisi. Wenzake walishikilia hati za nyumba na pasipoti za kwao. Yeye alibadili pasipoti.

Wengine sheria iliwafuata. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu uliosalia tangu Wajerumani ulifutwa, ukageuzwa upangaji wa serikali wa miaka 99. Mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia ardhi, yenye masharti ya kuiendeleza. Asiyeendeleza hana haki. Ukifikiri vizuri, sharti hilo ni kifo cha nyumba ya likizo, maana nyumba ya likizo ni ile inayofungwa miezi 10 kwa mwaka.

Halafu likaja pango lenyewe. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwawekea viongozi miiko, na mmojawapo ulikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Vijana wa leo huusikia kama kichekesho, ila mantiki yake ilikuwa nyoofu: mwenye kupangisha anakula jasho la mwingine, na mla jasho asiongoze wakulima na wafanyakazi. Aprili 1971 mantiki hiyo ikatoka kwenye miiko ya viongozi ikawa sheria ya nchi. Majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliyokuwa yamepangishwa, yote au sehemu yake, yalitwaliwa na serikali na kukabidhiwa Msajili wa Majumba. Jengo lililokwisha kufikisha zaidi ya miaka 10 halikulipiwa fidia, kwa hoja kwamba mwenyewe alishazirudisha fedha zake kwa pango. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi na familia yake haikuguswa.

Mstari huo ni wa kuutazama kwa makini. Sheria ya 1971 haikuuliza nyumba ni nzuri kiasi gani. Iliuliza nani analala ndani. Waliopoteza zaidi walikuwa Watanzania wa asili ya Kiasia, hasa Dar es Salaam, na wengi wao waliianza safari ya Uingereza na Kanada mwaka huo. Mwaka uleule, siku ya Krismasi, Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa Isimani na mkulima Said Mwamwindi katika ugomvi wa shamba na ujamaa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sipendi wanaoyachanganya. Ila mtu aliyeishi Iringa 1971 aliyasikia yote mawili ndani ya miezi minane, na aliyekuwa na nyumba ya pili alijua la kufanya: akae kimya.

Zanzibar ilikuwa imetangulia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba na mashamba ya Waarabu na Wahindi yalitaifishwa, na ardhi ikagawiwa wananchi ekari tatu tatu. Wenye majumba ya Mji Mkongwe walijikuta Muscat au Dubai, mikono mitupu, wakati Dubai yenyewe ilikuwa bado mji mdogo wa majahazi.

Kwa Mtanzania kununua nje, mlango ulikuwa umefungwa kwa upande mwingine. Udhibiti wa fedha za kigeni ulifanya dola kuwa kitu cha kuombewa kibali Benki Kuu hata kwa matibabu. Katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983 watu walikamatwa kwa kukutwa na fedha za kigeni. Nani angethubutu kusema ana nyumba London? Mambo yalilegea kwa hatua. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, iliwaruhusu wanachama na viongozi kupangisha nyumba zao. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Fedha za Kigeni, na maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa. Ndani ya miaka miwili mambo mawili yaliyokuwa aibu, pango na dola, yakawa biashara halali.

Wakati huo majirani walikuwa wameshafika mbali. Malindi, Kenya, ilikuwa imeshajaa Waitaliano. Chanzo chake ni cha ajabu kidogo: Italia ilijenga kituo cha kurushia roketi baharini karibu na hapo, na satelaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967. Mafundi wakaona ufukwe, wakawaambia ndugu zao, na kufikia miaka ya 1980 mji ulikuwa na villa, migahawa ya tambi na madalali wanaozungumza Kiitaliano kama cha nyumbani. Wapo waliokuwa na hati za miaka 999. Katiba ya Kenya ya Agosti 2010 ilizikata kwa kifungu kimoja: asiye raia hamiliki zaidi ya miaka 99, na hati yoyote ndefu kuliko hiyo ihesabiwe kuwa ya miaka 99.

Dubai iliwafungulia wageni umiliki kamili katika maeneo maalumu kuanzia 2002, na sheria yake ya usajili wa ardhi ikatoka 2006. Zanzibar nayo, nchi iliyotaifisha 1964, sasa inawauzia wageni nyumba Fumba na Paje katika miradi iliyoidhinishwa, kwa mikataba ya miaka 99, na anayenunua kwa dola 100,000 au zaidi anaweza kuomba kibali cha ukaazi. Bara hatujafika huko. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamzuia asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, na hata hapo hati hubaki kwa jina la taasisi ya serikali. Sheria hiyo iliwanasa hata watoto wetu. Kijana wa Iringa aliyechukua uraia wa Marekani akarudi kununua kiwanja Gangilonga, mtaa wa majumba ya wakoloni, alikuta kwamba mbele ya sheria yeye na mjukuu wa mlowezi wa Sao Hill ni sawasawa. Ndiyo sababu wengi wamejenga kwa jina la mama au la kaka, na ndiyo sababu serikali imelazimika kulileta suala la hadhi maalumu kwa watu wa asili ya Tanzania.

Na yule mwenye malori wa Ipogolo? Kanuni za fedha za kigeni za 2014 zilimruhusu mkaazi wa Tanzania kupeleka mtaji katika nchi za Afrika Mashariki, na za 2022 zikaongeza nchi za SADC. Dubai haimo katika makundi hayo, kwa hiyo kabla ya kutuma malipo ya awamu ya kwanza anapaswa kupita Benki Kuu na maelezo yake. Madalali wengi hawalisemi hilo, kwa kuwa kamisheni yao hulipwa mapema. Lusaka anaweza kununua bila kuomba kibali hicho. Malindi pia. Ila Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi, na Katiba ya Kenya haikumtaja Mtanzania kwa upendeleo wowote. Akifika ofisi ya ardhi kule atapewa miaka 99, kama Mwitaliano.