Impundu: Sauti ya Furaha Isiyo na Maneno

Mtu akitoka Goma kwa njia ya Rutshuru anapita Kibumba, karibu na mlima Nyiragongo. Huko, mtoto akizaliwa, wamama wanatoa sauti kali, ulimi ukitikisika kinywani. Kwa Kinyarwanda inaitwa impundu. Kwa Kiswahili ni vigelegele. Wanyankole wa Uganda nao wanasema empundu. Basi neno lenyewe linapita mipaka iliyochorwa na Wazungu.

Tuangalie maana yake. Pongezi zinasemwa kwa maneno, hata kwa barua. Impundu haina maneno. Tena, pale mtoto anapozaliwa, haimsifu mkubwa yeyote: inatangaza uzima uliopokelewa. Mtakatifu Augustini, akieleza Zaburi ya 32 kwa hesabu ya Vulgata, alifundisha kwamba furaha ikishinda maneno, moyo unaimba bila maneno. Kwa Kilatini sauti hiyo ni jubilus. Kumbe mama zetu waliijua bila kusoma Kilatini.

Je, impundu inafaa katika Misa? Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka waamini washiriki kwa shangwe, kwa nyimbo na kwa ishara za mwili. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire. Mlango, basi, uko wazi.

Lakini tusisahau mwezi wa Julai 1994. Wakimbizi wengi mno kutoka Rwanda walijaa Kibumba, mahali pa mawe ya volkano, pasipo maji. Kolera na kuhara damu viliwamaliza watu: katika makambi ya Goma walikufa karibu 50,000 kwa mwezi mmoja. Mawe yalikataa hata kuchimbwa makaburi. Baadaye vita navyo vilirudi mara nyingi. Koo zinazopiga impundu ndizo zilizolia msiba.

Kwa hiyo tunasema: impundu si pambo la sherehe. Tusiwaamuru wamama kuipiga kwa ajili ya mgeni mwenye cheo, wala kwa ajili yetu mapadri. Sauti ya kuamriwa imekwisha kuwa uongo.

Ninyi wakatekista, siku ya Ubatizo waachieni wamama nafasi. Mtoto akiisha kubatizwa, uzima mpya umezaliwa. Hapo hakuna haja ya kumwamuru mtu. Impundu itatoka yenyewe.