Programu Ipi Itaufungua Wimbo Wako Baada ya Miaka Ishirini?

Anayerekodi muziki nyumbani hufika mapema kwenye swali hili: nitumie programu gani kumiksi na kumasta? Majibu hayakosekani, na kila mtu hutetea yake kama shabiki wa Simba mbele ya shabiki wa Yanga. Mmoja atakuambia Cubase ina sauti nzito. Mwingine atasema FL Studio ni ya watoto, na wa tatu ataapa kwamba bila Pro Tools wewe si prodyuza.

Kwa hesabu tupu, ubishi huo una msingi mdogo. Ukichukua sauti kumi zile zile, ukazichanganya kwa viwango vile vile katika programu mbili za leo bila kuongeza kitu, sikio litapata tabu kuzitofautisha. Tofauti zenye uzito ziko kwenye historia: programu ilitengenezwa na nani, kwa kazi gani, na inauzwa kwa masharti gani. Masharti hayo ndiyo yanayoamua kama wimbo unaourekodi leo utafunguka tena ukiwa na mvi.

Pro Tools ilitoka California mwaka 1991, kazi ya kampuni ya Digidesign. Ilikuwa na traki nne, yaani njia nne za sauti, na iliuzwa kwa takriban dola 6,000. Ilibuniwa kwa ajili ya watu ambao tayari walikuwa studioni. Hata leo dirisha lake moja linafanana na meza ya kuchanganyia sauti, na lingine linafanana na mkanda uliolazwa ili ukatwe na kuungwa. Mwaka 1999 wimbo wa Ricky Martin, "Livin' la Vida Loca", uliongoza chati ya Billboard Hot 100 ukiwa umerekodiwa, umehaririwa na kumiksiwa wote ndani ya Pro Tools. Tangu hapo studio kubwa zikaona aibu kutokuwa nayo.

Cubase ilianza kwa njia nyingine. Ilipotolewa na Steinberg wa Hamburg mwaka 1989, kwa kompyuta za Atari ST, haikurekodi sauti hata kidogo. Iliandika maagizo ya MIDI: piga noti hii, kwa nguvu hii, kwa muda huu, sauti yenyewe ilitoka kwenye kinanda. Hatua iliyobadilisha maisha ya anayerekodi chumbani ilikuja mwaka 1996, pale Steinberg ilipoleta VST, mfumo wa kuweka kompresa, mwangwi na vifaa vingine vya studio ndani ya kompyuta kama programu ndogo, yaani plagini. Mwaka uliofuata watengenezaji wengine wakaruhusiwa kuunda za kwao. Mwaka 2001 iZotope ikatoa Ozone, iliyokusanya zana za kumasta kwenye dirisha moja. Kazi iliyohitaji chumba maalumu na mtu mwenye masikio ya miaka ishirini ikawa kitu unachoweza angalau kukijaribu kitandani.

Halafu ikaja FruityLoops. Didier Dambrin aliiandika kwa kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, na toleo la kwanza likaonekana mwishoni mwa mwaka 1997, likiwa mashine ndogo ya kupanga ngoma kwa kubofya visanduku. Wataalamu waliiona kama mchezo wa kompyuta, na jina lenyewe halikusaidia. Mwaka 2003 likawa FL Studio. Mwaka huo huo kundi la Little Brother la North Carolina lilitoa albamu *The Listening*, ambayo biti zake 9th Wonder alizitengenezea humo. Miaka minne baadaye Soulja Boy alitikisa dunia na "Crank That", kazi ya programu hiyo hiyo. Kejeli zilipungua, ingawa hazijaisha.

Dar es Salaam iliingia katika historia hii kwa mlango wake. Kwa miaka mingi mlango mkuu wa bendi ya Tanzania kurekodi ulikuwa studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyingine zilivuka mpaka kwenda Nairobi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, na sehemu kubwa ya miksi ilikuwa kupanga watu na maikrofoni: tarumbeta zirudi nyuma, mwimbaji asogee. Kanda ilibaki redioni. Katika miaka ya 1990 zikaja redio na studio za binafsi, na majina ya maprodyuza kama Master Jay na P-Funk Majani yakawa makubwa sawa na ya wasanii. Rapa hakuhitaji tena bendi ya watu kumi. Alihitaji biti, maikrofoni na mtu mwenye kompyuta.

Kompyuta ziliposhuka bei, programu zilisambaa kwa CD zilizochomwa, kisha kwa flashi. Wachache waliketi kulinganisha sifa. Kijana alitumia ile aliyokuwa nayo prodyuza wa mtaa, kwa sababu huyo ndiye angemfundisha, na mara nyingi ilikuwa nakala iliyovunjwa kufuli, ile inayoitwa kreki. Kumlaumu ni rahisi, lakini bei za dola zilipangwa bila kumfikiria. Shule ya muziki wa mtaani ilijengwa na jirani pamoja na kreki.

Shule hiyo ilizaa vitu ambavyo mwongozo wa programu haukuvitarajia. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na baadhi ya maprodyuza wake wameijenga kwa kutumia pia Virtual DJ, programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kucheza nyimbo za watu ukumbini. Wanachukua kipande, wanakizungusha, wanakikimbiza. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, kutoka studio ya Sisso jijini Dar es Salaam, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kuuliza ile sauti imetengenezwaje. Hakuna mshauri ambaye angempendekezea mtu njia ile.

Kwa hiyo upande wa ubunifu, tumia chochote. Upande wa kumbukumbu ndio unaotisha.

Faili la mradi si wimbo. Ni orodha ya maelekezo: chukua sauti ile, ipitishe kwenye kompresa fulani, iongeze mwangwi kiasi hiki. Kompresa ikikosekana, miksi imekufa hata kama sauti ya mwimbaji ipo. Na kampuni hufa au huuzwa. Apple iliponunua Emagic, watengenezaji wa Logic, mwaka 2002, toleo la Windows lilisitishwa, na waliokuwa na miradi humo wakaachwa njiani. Mwaka 2003 Adobe ilinunua Cool Edit Pro, na jina hilo likatoweka ndani ya Adobe Audition. Mwaka 2017 Gibson ilisimamisha Sonar ya Cakewalk. Mwaka uliofuata BandLab ikaichukua na kuitoa bure, lakini kwa miezi kadhaa watumiaji hawakujua hatima ya kazi zao. Hata toleo la majaribio la FL Studio linafundisha: unaweza kuhifadhi mradi, ila huwezi kuufungua tena mpaka ulipie.

Kanda ya RTD, ikitunzwa, inahitaji mashine tu. Wimbo wa mwaka 2005 uliobaki kwenye diski ya prodyuza aliyefunga studio unahitaji programu ile, toleo lile, plagini zile, na pengine kreki ile. Sisi tunaosoma historia tutapata tabu kubwa zaidi na miaka ya 2000 kuliko miaka ya 1970.

Kwa macho hayo, baadhi ya programu zisizo na jina kubwa mtaani zinapendeza. Audacity ilianza mwaka 1999 katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon na ni huru, ingawa ni nzuri zaidi kwa kuhariri kuliko kumiksi wimbo wenye traki nyingi. Reaper imetoka kwa Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp. Leseni yake ya kawaida kwa mtu binafsi ni dola 60, na faili lake la mradi ni maandishi matupu, unaweza kulisoma bila programu yenyewe.

Hata ukibaki na FL Studio au Cubase, kinga ipo. Wimbo ukikamilika, toa kila traki peke yake kama faili la WAV, zote zianzie sekunde ya sifuri. WAV ilitolewa na Microsoft na IBM mwaka 1991, na hadi leo karibu kila programu ya sauti huisoma. Andika kasi ya wimbo, tarehe, na majina ya waliopiga. Hifadhi miksi kabla ya masta pia, kwa sababu mitindo ya masta hupita: Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zilizozidi kiwango cha LUFS −14, hivyo kuminya wimbo mpaka upige kelele hakukupi ushindi wowote humo.

Kabla ya kulipia programu yoyote, fanya jaribio la jioni moja. Rekodi dakika mbili, toa traki zote kwa WAV, kisha zifungue kwenye programu nyingine, kwenye kompyuta ya rafiki. Ikiwa wimbo wako unasikika kule, endelea kuitumia bila wasiwasi.